Fosfati si Fosforasi: Uhakiki wa Istilahi katika Maelekezo ya Tangi la Samaki wa Baharini

Miongoni mwa matini zinazotufikia zimo tafsiri ambazo zilichapwa kabla ya kupitiwa na mtu yeyote mwenye dhamana ya istilahi. Mojawapo ni kijitabu kidogo cha maelekezo ambacho tulikipata katika duka moja la Kariakoo, Dar es Salaam. Kinaeleza namna ya kudhibiti fosfati katika tangi la maji ya chumvi lenye samaki na matumbawe hai. Huenda msomaji akaona kuwa hili ni jambo la anasa lisilostahili nafasi katika kurasa hizi. Sisi tunaona vinginevyo. Matumbawe hufa kwa kosa dogo, na kwa sababu hiyo ubaya wa tafsiri yao hujulikana mapema kuliko ubaya wa tafsiri ya hotuba.

Hapana budi tuanze na yaliyo mema. Mfasiri ameandika sentensi fupi zinazosomeka, wala hakuchanganya lugha. Ametumia neno matumbawe, naye ameepuka marijani, ambalo katika Kiswahili linamkumbusha msomaji zaidi kito chekundu cha kuvaa shingoni kuliko kiumbe aishiye mwambani. Kwa hayo anastahili pongezi. Lakini yako mambo matano ambayo hatuwezi kuyanyamazia.

Kwanza, mfasiri analiita tangi bwawa. Watu wetu wanalijua bwawa la samaki: ni lile la kufugia perege, ambalo mfugaji hushauriwa kulitia mbolea, hata mbolea ya fosfati, ili vimelea vya kijani viote na samaki wapate chakula. Kijitabu kinamtaka msomaji afanye kinyume kabisa cha hayo. Kwa kutumia neno moja kwa vitu viwili, mfasiri amezigonganisha elimu mbili ambazo kila moja ni sahihi mahali pake. Tangi la samaki lilitosha.

Pili, viumbe wanaoota kwenye vioo na mawe fosfati inapozidi anawaita magugu ya majini. Kwa wakazi wa Ziwa Victoria magugu maji ni mmea mwingine, wenye mizizi na maua, uliowahi kufunga bandari na mialo. Pwani yetu inalo neno lake la kale, mwani, na tangu kilimo chake cha biashara kilipoanza Unguja mwaka 1989 neno hilo limeenea hata bara. Kwa wale wadogo wasioonekana kwa macho tungependekeza vimwani. Pendekezo hilo litatufaa hapa chini.

Tatu, na hili ndilo kubwa, mfasiri ameandika fosforasi kila mahali ambapo matini asilia inasema fosfati. Pengine alidhani kuwa ni maneno mawili yenye maana moja. Sivyo. Fosforasi ni elementi. Fosfati ni fosforasi iliyofungamana na oksijeni, atomi moja kwa atomi nne. Fosforasi ina uzito wa 31, fosfati 95. Kwa hiyo gramu moja ya fosforasi hulingana na gramu tatu hivi za fosfati. Matini asilia inasema fosfati ibaki karibu na miligramu 0.03 kwa lita. Tafsiri inasema fosforasi. Mtu mwenye kipimo kinachosoma fosforasi, akiifuata tafsiri kwa uaminifu, atatosheka anapoona 0.03, na kumbe fosfati majini ni 0.09. Amekosea mara tatu bila kuvunja agizo lolote.

Wala kosa hili halikosi mazingira ya kuzaliana. Katika maduka ya pembejeo ya Kariakoo hiyo hiyo mnunuzi hukuta mfuko wa mbolea ya TSP wenye namba 46. Namba hiyo haihesabu fosfati wala fosforasi; kwa desturi ya biashara ya mbolea, inahesabu oksidi ya fosforasi. Mfuko wa kilo 50 unahesabiwa kuwa na kilo 23 za oksidi hiyo, lakini fosforasi yenyewe ni kilo 10 tu. Basi tunazo dhana tatu na hesabu tatu. Msamiati wa kuzitenganisha tunao: neno fosfati si geni kwa mkulima anayeijua mbolea ya Minjingu, itokanayo na mwamba wa fosfati ulioko karibu na Ziwa Manyara. Kilichokosekana ni uangalifu.

Nne, kichwa cha kijitabu kinasema "kuondoa". Dhana ya asili ni kudhibiti. Tofauti si ya mapambo. Ndani ya mwili wa matumbawe wanaishi vimwani wanaomlisha mwenyeji wao, na vimwani hao wanahitaji fosforasi kidogo ili waishi. Fosfati ikizidi, mwani hufunika mawe na matumbawe hushindwa kujenga mifupa yake ya chokaa vizuri; ikitoweka kabisa, au ikishushwa kwa ghafula, matumbawe hupauka na huweza kufa. Mwenye duka alitueleza kuwa mteja wake mmoja aliongeza dawa kila siku hadi kipimo kikasoma sifuri, akafurahi, na baada ya muda matumbawe yakawa meupe. Alikuwa amefanya alichoambiwa. Kuondoa huisha kitu kinapokwisha. Kudhibiti hakuishi, maana ni kazi ya kupima na kusawazisha.

Tano, chembe za oksidi ya chuma zinazotiwa katika chujio zinasemwa kuwa "hufyonza" fosfati. Kinachofyonza, kama sifongo, huingiza kitu ndani, nacho kikikamuliwa hutumika tena. Chembe hizi hazifanyi hivyo. Fosfati hushikamana na uso wa chembe, na uso ukijaa kazi imekwisha. Kuziosha kwa maji ya bomba hakuzirudishii nguvu. Dhana hii haina istilahi iliyozoeleka. Mnato tayari ni sifa ya vimiminika vizito, kwa hiyo tusiutumie. Tunapendekeza kunasa, na nomino yake unasaji: chembe hunasa fosfati kama ulimbo unavyonasa ndege, kwa nje.

Msomaji mtumishi wa umma atauliza: haya yananihusu nini? Yanamhusu sana. Mto Msimbazi huanzia vilima vya Pugu, ukapita Jangwani, jirani na Kariakoo, ukibeba majitaka ya mji hadi baharini. Kaskazini ya mdomo wake viko visiwa vya Bongoyo, Mbudya na Pangavini pamoja na Fungu Yasini, ambavyo miamba yake ya matumbawe ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1975. Mwandishi wa kanuni ya majitaka akiandika fosforasi mahali pa fosfati, au kinyume chake, atakuwa ameruhusu mara tatu ya kilichokusudiwa, au amekataza theluthi mbili ya kilichoruhusiwa. Tangi la mtu mmoja humwagwa na kujazwa upya. Bahari haimwagwi.

Lawama zote hatuwezi kumtwika mfasiri. TUKI ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, lakini sisi tunaounda istilahi tumezoea kuzipanga kwa masomo ya darasani, na kazi za mitaani haziji kwa masomo. Muuza samaki wa mapambo anahitaji kemia, biolojia na ufugaji kwa pamoja, tena dukani.

Kwa hiyo tunapendekeza: fosforasi, fosfati na oksidi ya fosforasi zisitumike kwa kubadilishana, na kila tarakimu itaje ni ya ipi, kudhibiti kusifasiriwe kuwa kuondoa, mwani ubaki mwani. Kuhusu vimwani na unasaji tunangoja maoni ya walimu na wafasiri. Mwenye neno bora zaidi atuletee, hasa akiwa amelisikia kwa watu wa kazi.