Maduara Matatu Juu ya Ardhi ya Mara

Mtu anayemtajia mwenziwe masafa yaliyo baina yao pasipo kumtajia mahali alipo hudhani amejisitiri, kwa kuwa kilomita 20 hazitaji kijiji, wala mtaa, wala mlango. Na dhana hiyo ndiyo iliyowapa waundaji wa programu za kutafutia wachumba ujasiri wa kuonyesha, chini ya picha ya kila mtu, umbali wake na mtazamaji. Baina ya mwaka 2013 na 2024 dhana hiyo ilivunjwa mara kwa mara, na kila ilipovunjwa hesabu iliyotumika ilikuwa nyepesi kiasi cha kuwezwa na mwanafunzi mwenye bikari na rula.

Naieleza hesabu hiyo kwa ramani ya kwetu, mkoani Mara, Tanzania. Tuseme binti mmoja anaishi katika kijiji kilichoko mashariki ya barabara kuu iendayo Sirari, na mtu mwenye nia mbaya, aliyeketi Dar es Salaam na wala hana azma ya kupanda basi, anataka kuijua nyumba yake. Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba seva ya programu haina macho: huambiwa na simu yako mahali ulipo, na simu ikisema uwongo seva huusadiki. Basi mtu huyo huiambia seva kwamba yuko Musoma, penye mwalo wa Mwigobero, naye huletewa masafa yaliyoko kati ya hapo na binti. Masafa hayo ni kamba, na Musoma ni kigingi: mbuzi aliyeivuta kamba mpaka mwisho yuko mahali fulani katika ukingo wa duara, ila upande haujulikani. Kisha, bila ya kuinuka kitini, mtu yule hudai kwamba amefika Bunda, akapata duara la pili, ambalo hulikata la kwanza mahali pawili tu, pa kwanza kuelekea Majita na ziwa, na pa pili kuelekea vilima vya mashariki. Hatimaye hujifanya yuko Butiama, na duara la tatu huchagua mahali pamoja kati ya hapo pawili. Maswali matatu yameulizwa, hakuna lililotaja mahali, na mahali pamejulikana.

Usahihi wa jibu hutegemea urefu wa namba iliyotolewa, na hapa ndipo programu ya Tinder ilipoteleza. Katika mwaka 2013 programu hiyo ilikuwa ikipeleka kwenye simu za watu latitudo na longitudo halisi za wengine; kosa hilo lilipoondolewa, ikawa inapeleka masafa badala yake, lakini masafa yenye mlolongo mrefu wa tarakimu baada ya nukta, ilhali kiooni mtumiaji akionyeshwa maili nzima tu. Wataalamu wa kampuni ya usalama wa kompyuta ya Include Security waliligundua hilo Oktoba 2013 na kulitangaza Februari 2014, baada ya kurekebishwa, wakaonyesha kwamba maduara matatu yaliweza kumpata mtu katika upeo wa futi 100. Kilichofichwa kilifichwa kwa jicho la mtazamaji tu. Mtu aliyesoma yale yaliyopita kati ya seva na simu aliyakuta yote wazi. Kuiachia simu ya mgeni siri ya mwenyeji, kwa kutegemea kwamba haitaionyesha, si ulinzi.

Tiba iliyoonekana karibu ilikuwa kuzitupa desimali ndani ya seva kabla ya kujibu. Tiba hiyo haiponyi, na aliyelithibitisha hilo kwa uwazi mkubwa ni Robert Heaton, mhandisi aliyeichunguza programu ya Bumble mwaka 2021. Aligundua kwamba ijapokuwa seva hujibu maili 3 au maili 4 tu, bado iko nukta ambapo jibu hugeuka kutoka 3 kuwa 4. Na anayejisogeza polepole, kwa uwongo ule ule wa simu, hadi akaifikia nukta hiyo, amepata masafa kamili kana kwamba desimali hazikutupwa kamwe. Nukta tatu za namna hiyo ni maduara matatu. Kampuni iliarifiwa, ikarekebisha, ikamlipa dola 2,000 kwa kazi yake.

Hapa pana jambo ambalo nawaomba wasomaji wanaojifunza kuunda programu walishike kuliko mengine yote: mpangilio wa kazi ndio ulinzi wenyewe. Ukipima masafa kutoka mahali halisi kisha ukalififiza jibu, ukweli umekwisha kuingia ndani ya hesabu, na mwenye subira atautoa. Ukipafifiza mahali kwanza, kwa kuigawa ardhi miraba na kumhesabu kila mtu kuwa yuko katikati ya mraba wake, ndipo upime, basi hata aulizaye mara elfu hataambulia zaidi ya katikati ya mraba, maana seva yenyewe haikutumia zaidi ya hapo. Tinder iliifuata njia hiyo, kwa miraba ya maili moja kwa maili moja.

Wala si masafa pekee yanayosema. Watafiti wa Chuo Kikuu cha KU Leuven, Ubelgiji, walizichunguza programu 15 na mwaka 2024 wakatangaza kwamba 6 kati yake, Badoo na Bumble zikiwamo, ziliwezesha mahali pa mtu kujulikana kwa ukaribu wa kutisha. Baadhi ya hizo zilikuwa zimezitupa desimali katika masafa zinayoyaonyesha, lakini kichujio cha kuwatafuta watu walio ndani ya kilomita kadhaa kiliendelea kuhesabu kwa mahali halisi: mtu akitokea katika orodha yumo, akitoweka hayumo, na ndiyo na siyo zikirudiwa vya kutosha huchora ule ule ukingo wa duara.

Sasa nije kwenye jambo linalonishughulisha. Mraba wa maili moja katikati ya New York una maelfu ya watu, na aliyemo ndani yake amesitirika kwa wingi wa majirani. Mraba wa ukubwa huo katika vijiji vya Butiama au Bunda una kaya chache zilizotengana kwa mashamba ya mihogo, mtama na pamba, na pengine katika kaya hizo zote mwenye programu hiyo simuni ni mmoja. Ukiongeza jina la ukoo, ambalo aghalabu hutambulisha Mzanaki na Mkurya na Mjita, na picha yenye kilima nyuma yake ambacho kila mpita njia anakijua, mraba umekuwa mlango. Kipimo cha sitara yafaa kiwe idadi ya watu, si urefu wa ardhi. Mtafiti wa faragha Latanya Sweeney alikwisha kuiweka rai hiyo katika kanuni mwaka 2002: mtu asitolewe katika taarifa ila akiwa hatofautikani na wengine wa idadi maalumu. Kwa kanuni hiyo mraba wa Nyasho, mjini Musoma, ungekuwa mdogo, na wa kijijini ungepanuka mpaka ukawa tarafa au wilaya.

Mkoa wetu unaujua vizuri uzito wa jambo hili. Hope for Girls and Women, asasi aliyoiasisi Rhobi Samwelly, hupokea katika nyumba salama wasichana wanaokimbia ukeketaji, na ramani za vijiji zilizochorwa na watu wa kujitolea wa mradi wa Crowd2Map zimesaidia kuwafikia walio hatarini. Taarifa ya mahali ndiyo inayomfikisha mwokozi usiku. Taarifa hiyo hiyo, ikivuja kutoka simu ya msichana aliyekwisha kukua na kutaka maisha yake, humfikisha ndugu aliyeahidiwa ng'ombe wa mahari.

Sheria ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa kusudi lililoelezwa na zisizidi haja ya kusudi hilo. Anayetafuta mchumba anahitaji kujua kama mwenziwe yu karibu kiasi cha kuonana Jumamosi. Jina la wilaya linamtosha. Kila kipimo kinachozidi hapo ni ziada, na kwa insafu kampuni ndiyo idaiwe sababu, si mtumiaji adaiwe hadhari.

Hata hivyo mtumiaji anayo nguvu kidogo mkononi mwake. Simu zenye Android 12, iliyotoka mwaka 2021, na iPhone tangu iOS 14 ya mwaka 2020, humruhusu mwenyewe kuipa programu makadirio ya mahali badala ya mahali halisi, na katika Android makadirio hayo ni eneo la kama kilomita 3 za mraba. Ufifizaji hufanyika ndani ya simu, kabla kampuni haijapokea chochote. Mwenye simu ya zamani anaweza kuinyima programu ruhusa ya mahali kabisa, na inapokubali, aandike mji kwa mkono. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyozinduliwa Aprili 2024, ningependa iwaulize wenye programu hizi swali moja kabla ya mengine: mahali pa mtumiaji panafifizwa katika hatua ipi, kabla ya hesabu au baada yake, na mraba mmoja huwa na watu wangapi Mugumu, Kiabakari na Nyamuswa?