Spika Isiyokuwepo: Namna ya Kurekodi Amplifaya ya Gitaa Bila Kelele

Chukua Marshall JCM800 ya wati 50, yenye vali mbili za EL34 upande wa kutolea. Utamu wake mwingi hutoka vali hizo zinapobanwa, na zikibanwa mtaa mzima unajua. Kuchomoa spika tu hakusaidii: transfoma ikikosa mzigo, volti huruka ghafla na zinaweza kutoboa kihami cha nyaya zake. Hapo ndipo lodiboksi inapoingia. Inapokea umeme uliokuwa uende kwenye spika na kuugeuza joto, kisha inachota sehemu ndogo kwa ajili ya kurekodi.

Lodiboksi ya bei nafuu huwa ni rezista nene: omu 8, iwe nota ya chini au ya juu. Amplifaya inakuwa salama, lakini mlio unapooza, kwa sababu spika iliyoandikwa omu 8 haikai hapo. Celestion Greenback ya inchi 12, kwa mfano, hutetema kwa asili yake karibu na hezi 75, na hapo ukinzani wake hupanda mara kadhaa. Ukipita hapo hushuka, kisha hupanda tena taratibu kadiri sauti inavyokuwa nyembamba, kwa sababu ya koili. Amplifaya ya vali huifuata milima hiyo: besi inafumuka, sauti za juu zinang'aa. Lodiboksi nzuri huiiga kwa koili na kapasita zake.

Hapo tumeiga upande wa spika unaoitazama amplifaya. Umebaki upande unaotazama hewa. Spika ya gitaa haipitishi mengi zaidi ya hezi 5,000, kwa hiyo makwaruzo ya distosheni huishia humo. Bila kichujio hicho, gitaa linalia kama nyuki kwenye kopo.

Kazi hiyo ya kuchuja hufanywa na faili la IR (impulse response). Sauti inayopanda kutoka chini hadi juu hupigwa kupitia spika halisi, maikrofoni kama Shure SM57 inainasa, na kompyuta inakokotoa jinsi spika na maikrofoni zilivyoibadilisha. Matokeo ni faili fupi sana, la sehemu tu ya sekunde. Maikrofoni ikielekezwa katikati ya koni, mlio unakuwa mkali. Ikisogezwa pembeni sentimita chache, unakuwa mzito. Kuchagua IR ni kuchagua mahali pa maikrofoni.

Lakini IR haijui umepiga kwa nguvu kiasi gani. Koni halisi ikizidiwa hubadili mlio wake, faili halibadiliki. Wala hakuna hewa ya kuzitikisa nyuzi nota iendelee kulia.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa ikwalaiza, jiulize kasoro iko upande upi. Mlio ukiwa mfu vidoleni, chunguza mzigo. Vidole vikiridhika lakini masikio yakakwaruzwa, badilisha IR.