Bomu la kuogea katika hewa ya Mwanza

Bomu la kuogea ni donge kavu la soda ya kuokea na asidi ya sitriki, linalotoa povu likitumbukizwa majini. Lilibuniwa Uingereza mwaka 1989 na Mo Constantine, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Lush, lakini kemia yake ni ileile ya Eno inayouzwa katika maduka ya dawa. Soda na asidi vikiwa vikavu havisumbuani. Maji yakiingia huzaliwa gesi ya kabonidioksidi, nayo hulimomonyoa donge na kusambaza rangi.

Kipimo kinachofaa ni gramu 200 za soda, gramu 100 za asidi na gramu 100 za konflawa ya kupunguza kasi ya povu. Gramu 100 za asidi isiyo na maji ndani yake humaliza takriban gramu 131 za soda. Gramu 69 zinazobaki huyapa maji ualkali mdogo. Magadi ya kupikia, ingawa yamejaa masokoni, hayafai kuwa mbadala: yana kabonati, ualkali wake ni mkali, na huwasha ngozi.

Kazi huharibiwa na unyevu. Wakati wa vuli, Oktoba hadi Desemba, na wa masika, Machi hadi Mei, mchanganyiko ulioachwa wazi kando ya ziwa huanza kutoa gesi kabla ya kufinyangwa. Madonge huvimba, huota vinundu, na siku ya kutumika hayana nguvu tena. Juni hadi Agosti ndiyo miezi ya kufanya kazi hii. Hata hivyo maji hayatumiki kuushikamanisha unga. Hunyunyizwa spiriti kidogo kidogo, mbali na moto wa jiko, mpaka unga ukiminywa kiganjani ushikamane. Kijiko cha mafuta ya nazi husaidia, ila asubuhi yenye baridi huwa yameganda na sharti yayeyushwe kwanza. Donge hushindiliwa kwenye kikombe kidogo, hutolewa, kisha huachwa likauke usiku kucha ndani ya nyumba.

Kwenye rangi ndipo wengi hukwama. Choya na manjano huonekana chaguo la busara, kwa kuwa ni vya asili na bei yake ni nafuu, lakini vyote viwili hubadilika kulingana na asidi na alkali. Wekundu wa choya hudumu penye asidi tu. Ile soda ya ziada huusukuma kuelekea buluu iliyofifia, isiyopendeza. Manjano huelekea wekundu wa udongo, hayayeyuki, na huganda kwenye kucha na beseni. Kuongeza asidi ili choya ibaki nyekundu ni kuokoa rangi kwa gharama ya ngozi. Afadhali rangi ya chakula ya unga, ambayo haibadiliki kirahisi. Ya maji huanzisha povu mapema. Katika unga mkavu rangi huonekana hafifu, hivyo ni vyema kujaribu chembe chache kwenye glasi ya maji kabla ya kuongeza.

Nyumba nyingi za Mwanza hazina hodhi la kuogea. Donge la gramu 50 linatosha beseni la kuloweka miguu. Vimetameta vya plastiki visitiwe kabisa: maji ya beseni humwagwa mtaroni, na mitaro ya katikati ya jiji huingia Mto Mirongo, unaomwaga ziwani. Madonge yaliyokauka huhifadhiwa kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana, moja moja ndani ya nailoni.