Utenzi wa Mwana Kupona: Radhi ya Mume na Hukumu ya Mola

Kuna swali ambalo vijana wetu hapa Majengo, Songea, hulileta mara kwa mara katika darsa: je, mtu aweza kuwa na maadili mema pasi na kumwamini Mwenyezi Mungu? Swali hili si geni. Wanavyuoni walilijadili kwa jina la husn na qubh, yaani uzuri na ubaya wa matendo. Muutazila walisema akili yalijua jema na ovu hata kabla ya sharia. Ash'ariyya, ambao Mashafii wa pwani yetu waliwafuata katika itikadi, walisema wajibu na thawabu havithibiti ila kwa sharia. Hapa tutalitazama kupitia utenzi ambao wengi wanaujua.

Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, kisiwani Pate, aliutunga mwaka 1858 akiwa mgonjwa, akimuusia binti yake Mwana Hashima. Alice Werner na William Hichens walipouchapisha mwaka 1934, waliupa jina la Kiingereza linalotaja wajibu wa mke. Tangu hapo wasomaji wengi wameuona kuwa ni kitabu cha unyumba tu: namna ya kumpokea mume, kumtunza na kumridhisha. Wapo wanaousifu kwa hilo, na wapo wanaoulaumu kwa hilo hilo.

Sisi tunaona makundi yote mawili yameanzia katikati. Mwana Kupona anamwamuru bintiye aanze kwa Bismillahi. Wasia wake wa kwanza ni kushika dini. Adabu na ulimi mwema vinafuata. Kisha anataja radhi tano ambazo kiumbe hana budi nazo: ya Mungu, ya Mtume (S.A.W.), ya baba, ya mama, na ya tano ndiyo ya mume. Mpangilio huu ndio fiqhi ya utenzi wenyewe. Wanavyuoni wamekubaliana kwamba hakuna kumtii kiumbe katika kumuasi Muumba. Kwa hiyo utiifu kwa mume una mpaka, na aliyeuweka mpaka huo ni Mola. Ukiiondoa radhi ya kwanza, utiifu ule ule hauna pa kuishia, na mke anabaki chini ya matakwa ya mwanadamu mwenzake.

Hata hivyo, haki ya elimu yatutaka tuseme na lililo zito. Zipo beti zinazosema kwamba Siku ya Kiyama mume ataulizwa anatakalo juu ya mkewe, na akitaka peponi au motoni, ndiko atakakopelekwa. Kama ni mawaidha ya kuhimiza na kuogofya, tunaelewa makusudio ya mama aliye kitandani. Lakini kama ni itikadi, hatuwezi kuikubali. Qur'ani imekariri kwamba hakuna nafsi itakayobeba mzigo wa nyingine. Katika Surat at-Tahriim, Allah (S.W.) anapiga mfano wa mke wa Nuhu na mke wa Lut: waume zao walikuwa Mitume, na hilo halikuwafaa kitu. Kisha akapiga mfano wa mke wa Firauni, aliyeomba ajengewe nyumba Peponi na aokolewe na Firauni na vitendo vyake. Je, huyo naye angengoja radhi ya mumewe?

Basi jibu letu kwa vijana ni hili. Akili na desturi za wazee zaweza kumfundisha mtu mengi mema, wala hatulikanushi hilo. Lakini desturi haiwezi kujihukumu yenyewe. Imani katika Mungu Mmoja ndiyo iliyompa Mwana Kupona msingi wa wasia wake, na imani hiyo hiyo ndiyo inayotupa sisi kipimo cha kuurekebisha pale ulipozidi. Anayeusomesha utenzi huu kwa mabinti zetu na ausomeshe wote, tangu Bismillahi hadi dua zake za mwisho, na akifika kwenye beti hizo asipite kimya.

Wallahu a'lam.