Ufundi wa Mumunye

Mmumunye ni mmea mtambazi, ndugu wa boga, tango na tikiti maji. Wataalamu huuita Lagenaria siceraria. Ukikosa cha kushika hutambaa chini, na ukipata hupanda: wigo wa michongoma, waya wa senyenge, mparachichi, hata paa la jiko la nje. Kinachoupandisha ni vikono vyembamba vyenye ncha mbili, vinavyojisokota kwenye chochote kilicho karibu. Majani ni mapana, yana vinyweleo laini, na yakifikichwa hutoa harufu nzito isiyopendwa na wengi. Matunda yake hayafanani hata kidogo. Yapo marefu yanayofikia urefu wa mkono wa mtu mzima, yapo ya duara, yapo yenye shingo nyembamba na tumbo pana. Yote ni ya mmea huo mmoja, na yote hutumika kwa mambo matatu: huliwa yakiwa machanga, hutafutiwa tiba, na yakikauka huwa vibuyu. Ufundi wa mkulima uko katika kujua tunda gani ni la kazi gani na likatwe lini.

Katika kaunti za Trans Nzoia na Bungoma, mmumunye ni zao la pembeni. Kitale ni mji wa mahindi; ndipo yalipo makao makuu ya Kampuni ya Mbegu ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1956, na ni kazi ya watafiti wa hapo iliyoleta mbegu chotara ya 611 mwaka 1964. Shamba zima hupewa mahindi, na maharagwe yakibahatika hupandwa katikati. Mmumunye haukaribishwi humo, na kwa sababu nzuri: ukiachwa katikati ya mahindi hupanda mabua, huyalemea na kuyaangusha. Basi hubaki kwenye mpaka wa boma, karibu na zizi au jaa la taka za jikoni, mahali penye rutuba ambapo jembe halifiki mara kwa mara. Ni kwa sababu hiyo zao hili huonekana la wazee na la kina mama, lisilostahili hesabu. Dhana hiyo haina msingi. Ekari ya mahindi hungoja miezi mingi ndipo ilete chakula mezani, ilhali shina moja la mmumunye likitunzwa vizuri hulisha nyumba mboga kuanzia mwezi wa pili au wa tatu tangu kupandwa.

Mmea wenyewe ni mkongwe Afrika kuliko mahindi, yaliyotoka Amerika. Mwaka 1938 Mary na Louis Leakey walichimba pango la Mto Njoro, karibu na Nakuru, mahali watu walipozikwa yapata miaka 3,000 iliyopita. Miongoni mwa mabakuli ya mawe na shanga walikuta mabaki ya vibuyu yaliyoungua na kuwa makaa. Asili ya mmumunye ni bara hili, na mwaka 2004 watafiti walieleza mimea iliyokuwa ikiota kimwitu Zimbabwe. Huko Amerika vibuyu vimetumika kwa miaka ipatayo 10,000, na uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba vya huko navyo vilitoka Afrika, vikielea baharini mpaka ng'ambo. Tunda kavu la mmumunye huelea kwa miezi bila mbegu zake kufa.

Kazi huanza na mbegu. Mbegu nzuri hutolewa katika tunda lililokaukia juu ya mmea wenyewe, wala si lile lililovunwa kwa haraka kabla ya wakati. Ganda la mbegu ni gumu, kwa hiyo mbegu huloweshwa usiku kucha kabla ya kupandwa. Shimo huchimbwa pana, likajazwa samadi iliyooza vizuri iliyochanganywa na udongo wa juu, kisha mbegu mbili au tatu hufukiwa. Zikiota, mche wenye nguvu huachwa na mingine hung'olewa. Majira hutegemea mahali. Kitale, iliyo kwenye mwinuko wa mita 1,900 hivi, ina msimu mmoja mrefu unaoanza na mvua za Machi au Aprili, na baridi yake huchelewesha mmea. Bungoma iko chini zaidi, kwenye mita 1,400 hivi, kuna joto zaidi, na mvua za Agosti humpa mkulima nafasi ya pili.

Mmea ukishafika juu ya kichanja ulichojengewa, ncha yake hukatwa. Wanaoanza kulima huogopa kuikata, wakidhani wanaupunguzia mmea nguvu. Kumbe shina kuu huzaa zaidi maua dume, na majike huja kwa wingi kwenye matawi ya pembeni yanayochipuka baada ya ncha kuondolewa. Asiyekata hupata majani tele na matunda machache.

Maua ya mmumunye hufunguka jioni, jua likizama, na kufikia kesho yake huwa yamenyauka. Nyuki, ambao husaidia sana maboga asubuhi, hapa hawana kazi kubwa; wachavushaji wakuu ni nondo wa usiku. Mahali nondo walipopungua, mkulima huifanya kazi yao kwa mkono. Upungufu huo si jambo la ajabu tangu viwavijeshi vilipovamia mahindi ya magharibi mwa Kenya mwaka 2017 na watu kuanza kunyunyiza dawa kila wiki. Ua dume husimama juu ya kikonyo kirefu chembamba. Ua jike lina kikonyo kifupi, na chini ya petali zake tayari kuna kimumunye kidogo chenye manyoya, si kikubwa kuliko kidole gumba. Ua dume huchumwa, petali zake zikavuliwa, kisha chavua yake hupakwa taratibu ndani ya ua jike, kwenye stigma. Kimumunye kilichochavushwa huanza kunenepa ndani ya siku chache, na ambacho hakikupata chavua huwa cha manjano, kikakauka na kuanguka. Baada ya hapo adui ni inzi wa matunda, anayetaga mayai chini ya ngozi laini. Kufunika tunda changa kwa karatasi au gazeti kuukuu kunatosha kumzuia, na hakumgharimu mkulima chochote.

Tunda la kuliwa huvunwa likiwa bado na vinyweleo na ukucha ukizama kwenye ngozi bila nguvu, kwa kawaida wiki mbili hivi tangu lichavushwe. Likizidi hapo nyama huwa na nyuzi, na mbegu huwa ngumu. Humenywa, likakatwa vipande, likapikwa na kitunguu na nyanya, au likachemshwa kisha kuungwa kwa njugu karanga zilizosagwa au simsim. Ncha changa za majani huchanganywa na mboga za kienyeji na kulainishwa kwa munyu, yale maji ya majivu ambayo majiko ya Waluhya yameyatumia tangu enzi za mababu. Familia za Kihindi mijini huliita dudhi, hulipika na dengu, na hata hulifanya halua kwa maziwa na sukari. Likipikwa peke yake, mumunye ni chakula cha kupooza, na asemaye vinginevyo analipamba. Zaidi ya sehemu tisa kwa kumi ya nyama yake ni maji. Sifa yake ni kunyonya ladha ya kila kinachopikwa nalo, ndiyo maana mchuzi wa mumunye na karanga hushinda mchuzi wa karanga pekee.

Maji hayo hayo ndiyo yaliyolifanya liwe chakula cha wagonjwa. Tumbo lililochoka hulipokea bila shida, na mtu aliyefunga choo hupata nafuu. Mwenye kisukari hulila kwa sababu halina sukari nyingi, ila haliwezi kuchukua nafasi ya dawa alizopewa hospitalini. Mengi yanayodaiwa kuhusu mumunye na sukari ya damu yametokana na majaribio ya wanyama. Mbegu zake zilizosagwa zimetumiwa kwa minyoo. Hayo ndiyo manufaa ya kweli, ni ya kiasi, na ufundi haupungukiwi kitu kwa kukiri kiasi chake.

Lakini mmea huu una sumu pia. Mmumunye hutengeneza kemikali chungu ziitwazo kukabitasini, zinazoulinda dhidi ya wadudu na wanyama. Aina za kuliwa zimechaguliwa vizazi kwa vizazi hadi uchungu huo ukapungua sana, lakini haukutoweka. Hurudi pale chavua ya mmea wa kimwitu inapoingia kwenye ukoo wa mbegu, au mmea unapoteseka kwa ukame, na kupika hakuuondoi. Nchini India, ambako watu wengi hunywa maji mabichi ya mumunye asubuhi kama dawa, wapo waliotapika damu, shinikizo lao la damu likashuka, na wengine wakafa. Baraza la Utafiti wa Tiba la nchi hiyo liliteua kamati ya wataalamu, na taarifa yake iliyochapishwa mwaka 2012 ilionya watu wasinywe kabisa maji yaliyo machungu, na anayepata dalili akimbizwe hospitalini, maana sumu hiyo haina kiuasumu. Kinga yenyewe ni rahisi, na kila mpishi anaweza kuifanya. Kabla ya kuwasha jiko, kipande chembamba hukatwa upande wa kikonyo na kuguswa kwa ncha ya ulimi. Kikiwa kitamu au kisicho na ladha, tunda hupikwa. Kikiwa kichungu, hutemwa na tunda zima hutupwa. Hapa ile imani kwamba dawa kali ndiyo dawa bora inaua.

Tunda linalokusudiwa kuwa kibuyu huachwa juu ya mmea mpaka kikonyo kikauke na ganda, likigongwa, litoe mlio mkavu. Hilo huchukua miezi minne au mitano, wakati mwingine zaidi katika baridi ya Kitale. Kisha huanikwa kivulini, shingo ikakatwa, na mbegu na nyama kavu zikatolewa kwa kutikisa maji na changarawe ndani yake. Maji hubadilishwa siku baada ya siku hadi uchungu uishe. Kwa Wakalenjin wa Trans Nzoia kibuyu hicho ni sotet: husuguliwa ndani kwa makaa ya mti wa senetwet, ndipo hutiwa maziwa yaliyochemshwa na kupoa, yakagande kuwa mursik. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta asetaldehaidi, kemikali inayohusishwa na saratani ya umio, katika mursik ya magharibi mwa Kenya. Kwa hiyo usafi wa kibuyu na muda wa kugandisha maziwa ni mambo ya afya, si ya mapishi tu. Jerikeni za plastiki zimechukua kazi nyingine nyingi za kibuyu, ila mursik ya jerikeni haina ile rangi ya kijivu wala harufu ya moshi ambayo wanywaji wake huitafuta.

Mbegu za mmumunye wa kienyeji hupatikana zaidi kwa majirani kuliko kwenye maduka ya pembejeo, na zikikaushwa vizuri na kuwekwa pakavu huota hata baada ya miaka kadhaa. Anayetaka kuanza na aombe mbegu kutoka kwa mtu aliyeonja tunda la mmea ule ule na kuliona halina uchungu, kisha azipande mvua za Machi zikianza.