Kuchekesha kwa muziki kwahitaji umahiri wa sajili

Wapo wanaodai kwamba video ya muziki ya kuchekesha ni mzaha tu wa vijana wasio na kazi. Mimi nayapinga madai hayo.

Chukua mfano wa ‘Lazy Sunday’ ya kundi la The Lonely Island la Marekani, iliyopeperushwa katika kipindi cha Saturday Night Live mnamo Desemba 17, 2005. Andy Samberg wa kundi hilo na mwenzake Chris Parnell wanafoka kwa ukali, nyuso wamezikaza. Wanafoka kuhusu nini? Kununua vikeki na kwenda kutazama filamu ya The Chronicles of Narnia! Mdundo, vina na miondoko ni ya rapu halisi. Sajili ya ubabe imevalishwa mada ya kitoto, na mgongano huo ndio unaochekesha.

Humu nchini, wachekeshaji kadhaa wangali wanaegemea lafudhi za kikabila. Jamani, mzee anayetamka /l/ mahali pa /r/ amekosa nini? Huko ni kumcheka mtu wala si kuchekesha. Anayetaka kuiga muziki kwa tashtiti sharti kwanza azijue kanuni za muziki wenyewe.