Fanani, Hadhira na Ukumbi Mdogo: Usiku wa Bob Dylan Mjini New Haven, 1990

Mjadala uliozuka mwaka 2016, Bob Dylan alipotunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, uliendeshwa kana kwamba swali ni moja tu: je, maneno ya nyimbo zake yakichapwa peke yake ni ushairi? Waliomuunga mkono walinukuu beti. Waliompinga nao walinukuu beti. Pande zote mbili ziliafikiana, pasipo kutambua, kwamba kazi inayohakikiwa ni maandishi. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba mwafaka huo ndio kosa lenyewe. Tutafanya hivyo kwa kuchunguza onyesho moja alilolitoa katika ukumbi mdogo.

Onyesho hilo lilifanyika tarehe 12 Januari 1990 katika klabu ya Toad's Place, mjini New Haven, Marekani, karibu na Chuo Kikuu cha Yale. Kufikia wakati huo, mwanamuziki huyu wa roki alikuwa amekwisha kuzoea kuimbia maelfu ya watu. Humu waliingia mamia tu. Akisaidiwa na G. E. Smith kwenye gitaa, Tony Garnier kwenye besi na Christopher Parker kwenye ngoma, aliimba nyimbo 50 kwa awamu nne, tangu jioni hadi baada ya saa nane za usiku. Kwake yeye, huo ulikuwa usiku wa mazoezi kabla ya safari ya Brazili na Ulaya. Kwa hadhira, ulikuwa usiku usio na mfano.

Mwandishi wa makala haya hakuwapo. Anayoyajua yametokana na kanda zilizonaswa ukumbini na kupitishwa mkono kwa mkono na wapenzi wa muziki huo. Kinachomvutia mhakiki katika kanda hizo ni sauti za watu wakitaja nyimbo wanazozitaka, na fanani, ambaye aghalabu hasemi lolote baina ya wimbo na wimbo, akiwajibu. Katika uwanja wa maelfu, ombi la mtu mmoja humezwa na kelele. Katika ukumbi ule ombi lilisikika, na kwa kuwa lilisikika liliweza kukubaliwa au kukataliwa. Kwa hiyo hadhira ilishiriki katika kuupanga usiku ule, na mpango wa nyimbo ni sehemu ya kazi.

Hapa wanafunzi wa fasihi simulizi watatambua jambo wanalolifahamu. Albert Lord, katika The Singer of Tales (1960), alionyesha kwamba kwa manju wa Yugoslavia kutunga na kutamba ni tendo moja. Ruth Finnegan naye alisisitiza katika Oral Literature in Africa (1970) kwamba fasihi simulizi haiwezi kueleweka ikitengwa na utendaji wake. Ni muhimu kukumbuka kwamba Finnegan huyo huyo, katika The Hidden Musicians (1989), aliwachunguza wanamuziki wa mji mmoja wa Uingereza, bendi za roki zikiwamo. Hakuona sababu ya kuiwekea Afrika kipimo kimoja na Ulaya kingine. Sisi tuliorithi nadharia yake tumekuwa wazito kuufuata mfano huo.

Tuchukue suala la kosa. Usiku ule Dylan alijaribu "Dancing in the Dark", wimbo wa Bruce Springsteen wa mwaka 1984, naye hakuyamudu maneno yake yote. Katika studio, jaribio la namna hiyo lingefutwa. Katika maandishi lingesahihishwa. Ukumbini halikufutika, na hadi leo ni miongoni mwa mambo yanayokumbukwa zaidi kuhusu usiku ule. Mhakiki anayetafuta matini iliyokamilika ataliona kuwa dosari. Anayehakiki utendaji ataona fanani akiwaamini wasikilizaji wake kiasi cha kujaribu asichokijua vyema mbele yao. Imani hiyo ni maudhui, ingawa haimo katika ubeti wowote.

Pengine itadaiwa kwamba tunausifu udogo wa ukumbi kwa sababu tu unamkaribisha shabiki kwa mtu maarufu. Hoja hii ina uzito. Ukaribu peke yake hauzai sanaa; mtu aweza kuketi hatua mbili kutoka kwa fanani asiyemjali. Linalotofautisha ni haki ya kujibu. Mwaka 1962, Dylan alipokuwa kijana wa miaka 21 akiimba katika mkahawa wa Gaslight jijini New York, inasimuliwa kwamba wasikilizaji walialisha vidole badala ya kupiga makofi ili wasiwaudhi majirani wa ghorofa za juu. Ukumbi uliwawekea mipaka, nao wakapata namna yao ya kujibu ndani ya mipaka hiyo. Vivyo hivyo, msikilizaji wa taarabu anayeinuka kumtuza mwimbaji huwa ameutafsiri ubeti mbele ya wote: ametangaza unamhusu nani.

Suala hili linanigusa binafsi. Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi wangu wa uzamili aliniletea insha kuhusu usiku mmoja wa muziki alioushuhudia. Alieleza waliokuwapo, walichodai, ni ubeti gani ulirudiwa na kwa ombi la nani. Nyimbo zenyewe hakuzinukuu kwa kirefu. Nilimpa alama ndogo na kuandika pembeni: "Matini iko wapi?" Hakuendelea na mada hiyo. Naamini leo kwamba matini ilikuwa mbele ya macho yangu, na kwamba niliyemtahini vibaya alikuwa ameisoma nadharia tunayoifundisha kwa uaminifu kuliko mimi.

Dylan mwenyewe, katika mhadhara wake wa Nobel wa mwaka 2017, alieleza kwamba nyimbo zimekusudiwa kuimbwa, wala si kusomwa, kama tamthilia za Shakespeare zilivyokusudiwa jukwaa. Kauli hiyo haipaswi kuwa ngeni katika idara ya fasihi ya Kiafrika. Tukiikubali, hatuna budi kubadili tunayoyadai katika tasnifu zetu: idadi ya waliokuwapo, umbo la ukumbi, maombi yaliyotolewa, yaliyokubaliwa na yaliyopuuzwa, na hata makosa, yaandikwe kwa uangalifu ule ule tunaoutumia kunakili beti. Bila hayo, tutaendelea kuhakiki nusu ya kazi na kuwaadhibu wanafunzi wanaoiona nusu ya pili.